Launji ya Muda katika Jumba la Sandarusi

Siku mliyoniaga karakanani, watu watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakaisifu launji ya Kisarawe. Mmoja alisema mzee huyu aliweka sebule nzima ya Kizungu ndani ya jumba la kale bila kupiga hata msumari mmoja ukutani. Mwingine akaniomba niandike nilivyofanya, ili nyinyi vijana mjifunze. Nikashukuru, nikala pilau yenu, nikaondoka na saa ya mezani mliyonizawadia. Sikusema neno, kwa sababu mtu hagombi kwenye karamu aliyoandaliwa. Sasa niko nyumbani, karamu imekwisha, na nitaandika kama mlivyotaka. Msije mkasema baadaye kwamba mlitarajia kitu kingine.

Nilianza kazi wakati Waingereza walikuwa hawajamaliza hata kung'oa mabango ya Kijerumani. Nilikabidhiwa kwa Fundi Kondo, Mzaramo wa palepale Kisarawe, mfupi, mwenye viganja vipana na hasira za karibu. Siku ya kwanza nilifika na msumeno wa marehemu baba yangu begani, nikidhani nitapewa mbao. Akaniweka mbele ya rundo la mbao kuukuu akanipa koleo. Wiki nzima nilikuwa nang'oa misumari na kuinyoosha juu ya jiwe. Alisema mtu asiyejua tabu ya kung'oa msumari hafai kufundishwa kuupiga. Nilimchukia mpaka Ijumaa. Jumamosi akanionyesha randa, na kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake kwa miaka mingi, hata nilipokuwa fundi kamili.

Alikuwa na patasi moja aliyoachiwa na fundi wa Kijerumani. Ilikuwa kali kuliko wembe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Akiitumia alituambia tusogee mbali na mwanga wake, na akimaliza aliipaka mafuta akaifunga kwenye kitambaa cha kanzu. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa akimtania kwamba patasi ile ndiyo mke mkubwa. Bi Mwanaidi alitulisha sisi wanafunzi wote. Mihogo ya nazi niliyokula kwake ndiyo iliyonifanya nikavumilia matusi ya mumewe.

Sasa nije kwenye jumba. Wengi wenu mnalijua kama gofu lililo juu ya kilima, lakini wakati huo lilikuwa nyumba ya mawe iliyosimama sawasawa. Lilijengwa na mfanyabiashara wa sandarusi, zamani watu wa Uzaramo walipokuwa wakichimba ile gundi ardhini na kuipeleka pwani. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtu aliyesema ndani hasikiki nje. Boriti za mikoko, sakafu ya chokaa, vidaka ukutani, na baraza ndefu ya kukalia upande wa mlangoni. Kando ya chumba kikubwa kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango wake wa nyuma, na baina ya vyumba hivyo viwili dirisha lenye wavu wa mbao. Fundi Kondo aliuchonga upya wavu ule kwa mkono wake, kwa ile patasi, mchwa walipoula wa zamani.

Chumba kikubwa ndicho kilichokuwa mahakama ya wenyeji. Liwali alikaa ndani na wazee wake wanne. Mwanamke mwenye kesi aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa chumba kidogo, akasema na Liwali kupitia kwenye ule wavu. Alisikika na wanaohusika tu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini ndivyo watu walivyofanya, na kila mwanamke wa Kisarawe alijua kwamba iko siku anaweza kulihitaji dirisha lile.

Miaka michache kabla ya vita ya Hitla, tukaambiwa kuna mgeni mkubwa anakuja kutoka ng'ambo. Atapanda kutoka Dar es Salaam kupitia Pugu, atatazama mashamba, na atahitaji mahali pa kupumzika. Mzungu wa wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Shauri, alikuwa na nyumba nzuri ya bati yenye varanda. Lakini mkewe aliona kwamba mgeni angependezwa zaidi na nyumba ya kale. Akasema itengenezwe launji katika jumba la sandarusi. Siku hiyo ndiyo niliyolisikia neno launji mara ya kwanza. Nilipouliza ni kitu gani nikaambiwa ni sebule ambayo mtu halali na wala hali. Nikashangaa kinachobaki ni kufanya nini humo. Kumbe kilichobaki ni kunywa.

Wazee wa mahakama hawakupenda. Bwana Shauri akaamuru karani awaandikie barua ya Kiswahili kuwaahidi kwamba chumba chao kitarudi. Mimi niliitwa kueleza kazi itachukua siku ngapi. Karani alikuwa na kalamu mkononi, akaniuliza aandike kwa muda gani. Nikamjibu, na jibu hilo ndilo ninalolilipia mpaka leo, kwamba aandike tu kwa muda, wazee wanajua. Akaandika: "Chumba kitatumika kwa muda." Akapiga mhuri. Nikapewa mimi niwasomee, kwa kuwa mimi ni mtu wao.

Niliwasomea wakiwa wamekaa kwenye baraza yao. Liwali akaniuliza mara mbili, "Kwa muda, fundi?" Nikasema, kwa muda. Wakacheka, wakaondoka kwa moyo mweupe. Kwetu sisi neno hilo halihitaji tarakimu. Mgeni akisema amekuja kwa muda unamtolea kiti, hutandiki kitanda. Hata mtoto anajua hivyo. Nilidhani na aliyepiga mhuri anajua hivyo.

Haya, kazi yenyewe, maana ndiyo mnayoitaka. Nilisimamisha nguzo nane za mninga kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Kila nguzo niliikaza chini kwa kabari mbili zinazopishana, na juu nikaweka kipande cha blanketi ili isichubue boriti. Baina ya nguzo nikatia fremu nyepesi, nikavuta turubai mpaka ikalia kama ngoma, nikaipaka chokaa. Ukisimama mlangoni usingejua kwamba si ukuta. Sakafu ya kale ilikuwa imebonyea, kwa hiyo nikaweka jukwaa la mbao la vipande sita, kila kipande kinabebwa na watu wawili. Dari nikaifanya kwa kitambaa cha marekani kilichofungwa kwa kamba, isidondoshe vumbi la mikoko kwenye vinywaji vya wakubwa. Baraza ya mawe nikaifunika magodoro na mito. Katikati viti vya uvivu vitano, meza za miguu mifupi, na zulia lililoletwa kutoka mjini.

Kisha memsabu, yaani mke wa Bwana Shauri, akaliona dirisha la wavu. Akafurahi sana. Akasema hapo ndipo pa kupitishia vinywaji kutoka chumba kidogo, wavu utolewe na ubao wa kuwekea chupa uwekwe. Nikamweleza kupitia kwa karani kazi ya dirisha lile ni nini. Akanisikiliza kwa adabu, siwezi kumsingizia, halafu akasema ni siku tatu tu. Nikautoa wavu taratibu kutoka kwenye mifereji yake, nikaufunga gunia, nikauweka stoo. Hata hapo nilikuwa bado najisifu moyoni kwamba nimefanya kazi isiyoacha alama.

Fundi Kondo, macho yake yakiwa yameanza kufifia, alikuja kukagua. Alipapasa kabari za nguzo zote nane. Akasema kazi ni safi, kisha akauliza inatoka lini. Nikamwambia Jumatatu baada ya mgeni. Akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Mgeni alikuja. Alikaa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, tena hakukimaliza. Alisema chumba kina joto. Akatoka akaenda kukaa kwenye varanda ya nyumba ya bati.

Jumatatu nilifika na vibarua wawili na nyundo ya mti. Asubuhi moja ingetosha kuliondoa lote. Mlangoni nikamkuta askari, akaniambia nimeagizwa nisiguse. Wazungu waliokuja siku ile, wa misitu, wa barabara, wa pamba, walikuwa wameipenda launji. Sasa kila aliyepita Kisarawe alishuka hapo. Mahakama ilihamishiwa kwenye banda la makuti kando ya soko, lisilo na ukuta hata mmoja, kwa muda.

Nilikwenda kwa Bwana Shauri baada ya mwezi mmoja. Nilikwenda tena baada ya miwili. Mara ya tatu akamwita karani alete ile barua, akaisoma mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kujifunza kitabuni, akaweka kidole chini ya neno.

"Barua inasema kwa muda," akaniambia. "Muda haujaisha."

Nimeshakutana na wezi wa mbao, wasimamizi walevi na mainjinia wasiotofautisha kuni na boriti, lakini sijapata kukasirika kama siku hiyo. Alikuwa ananisomea neno langu mwenyewe. Nilipita jikoni wakati natoka, nikaukuta wavu wa Fundi Kondo umelazwa juu ya mapipa mawili, unakaushiwa sahani.

Mtaniuliza kwa nini sikuingia siku moja nikagonga kabari zile nikaondoka. Hilo nami nimejiuliza. Niliogopa kazi. Nilikuwa na watoto wanne na mama mgonjwa, na wakati ule aliyefukuzwa serikalini hakupata pa kushika. Ndiyo sababu, na si sababu nzuri.

Mwaka ule ule Bi Mwanaidi alitumia patasi ya Kijerumani kufungulia debe la mafuta ya taa. Makali yakavunjika kidogo kwenye pembe. Fundi Kondo alipoipapasa akapandwa na hasira zake, akamtamkia talaka moja palepale uani. Mji mzima ulicheka, kwamba mke mdogo ameachwa kwa ajili ya mke mkubwa. Kila mtu alijua atamrejea. Hata yeye alijua. Akawa analala karakanani, kila jioni akiniuliza kama nimesikia Mwanaidi anasema nini. Nilimwambia aende akamrejee kabla eda haijaisha. Akasema atakwenda, aache kwanza hasira zipoe. Haja yake ilikuwa mkewe aanze kumwomba radhi kwa patasi. Wakati anasubiri hivyo akashikwa na homa ya mapafu, na siku ya sita tukamzika. Kutoka talaka mpaka mazishi ilikuwa miezi miwili na siku kadhaa.

Hapo ndugu wa marehemu, Shomari, akatokea. Kulikuwa na shamba, minazi na mikorosho, na Bi Mwanaidi ndiye aliyeipanda nusu yake kwa jembe lake. Shomari akasema huyu si mjane, huyu ni mtalaka, eda yake ilikwisha kabla ya kifo, hana fungu wala hana haki ya kukaa pale. Sheria ya dini yetu ni nyepesi katika jambo hili. Mwanamke aliyepewa talaka moja, mumewe akifa yeye bado yumo edani, huyo ni mke na anarithi. Eda inahesabiwa kwa tohara tatu, yaani siku za usafi zilizo baina ya hedhi na hedhi. Na juu ya tohara zake mwanamke ndiye anayesadikiwa. Neno lake mwenyewe pamoja na kiapo vinatosha. Hakuna shahidi mwingine anayetakiwa, kwa kuwa hakuna awezaye kuwepo.

Mmeshaona jambo linakokwenda. Kesi ile ilikuwa nyepesi kuliko kesi zote. Ilihitaji sentensi moja, isemwe kupitia kwenye wavu wa mbao.

Nilikwenda kwa Liwali usiku haujaingia, nikamsihi amsikilize nyumbani kwake. Alitaka. Lakini Shomari alikwisha kwenda kwa karani, na jibu likatoka kwamba kesi zote zisikilizwe mahakamani, na mahakama ni banda. Somo yake Bi Mwanaidi, yule mama aliyemfunda alipovunja ungo, akajitolea kumsemea. Liwali akasema kusema anaweza, ila kiapo hakisemewi.

Kesi ikaangukia siku ya soko. Banda lile lilikuwa hatua kumi kutoka kwa wauza dagaa. Watu walijaa pande zote nne, wanaume wenye mizigo, vijana, mpaka waliokuja kuuza mkaa kutoka upande wa Mlandizi. Na wote walishajua kitakachoulizwa. Bi Mwanaidi alisimama katikati akiwa amejitanda kaniki yake ya kufiwa. Liwali aliwaomba watu wasogee. Walisogea hatua tatu, wakatulia ili wasikie vizuri.

Liwali akainamisha sauti kadiri alivyoweza. "Mama," akasema, "eda yako siku ile ilikuwa imefika wapi?"

Bi Mwanaidi alinyanyua uso. Aliwatazama wale watu, akawatazama wauza dagaa, akanitazama na mimi. Kisha akatazama juu kilimani, kwenye jumba, ambako mpishi alikuwa ametoka nje anakung'uta zulia. Hakusema kitu. Liwali alimuuliza tena, na mara ya tatu akamuuliza kama mtu anayeomba. Alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri, mwenye wakwe na wanafunzi wa mumewe mbele yake, anatakiwa ataje hesabu ya hedhi zake sokoni. Nani kati ya mama zenu angelitaja?

"Kimya chake ndilo jibu," akasema Shomari.

Liwali alihukumu kama alivyotakiwa. Kabla ya mwezi kwisha Bi Mwanaidi alifunga vyombo vyake akaenda kwa kaka yake Pangani, hii Pangani ya Kibaha. Launji ilikuwa bado imesimama. Wiki ile ile niliagizwa nikakaze kabari mbili zilizolegea, na nilikwenda nikazikaza.

Baada ya hapo niliomba uhamisho, nikapelekwa barabara ya Morogoro. Nimejenga madaraja ya mbao kati ya Maili Moja na Mlandizi, nimejenga nyumba za vibarua, nimefundisha watu, na baadhi yenu mlio wakubwa mmepita mkononi mwangu huko. Launji ilikaa mpaka vita ilipokwisha. Haikuondolewa na mtu. Mchwa walilila jukwaa, paa likavuja, Wazungu wakahamia kwingine. Mahakama ilijengewa jengo jipya la bati, na mwaka jana ramani yake ya kuliongeza ilipita mezani kwangu. Ni chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mapana pande zote. Nilimuuliza kijana aliyeichora wanawake watasemea wapi. Akaniambia kwa heshima zote, mzee, watasema kama watu wengine. Kijana huyo ni mmoja wa wale watatu walionisifu.

Kwa hiyo nisikilizeni. Ile kazi mnayoisifu haikuacha alama ukutani, ni kweli. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuuliza chumba kinafanya kazi gani kabla hakijapambwa, na ya pili ni kutaja siku. Andikeni siku. Andikeni kwa tarakimu na kwa maneno, na mkiambiwa inaeleweka, msikubali, kwa sababu itaeleweka na mwenye mhuri kwa namna anayotaka yeye.

Kabla ya kuanza kuandika haya nilikwenda Pangani kuomba ruhusa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipita barabara kuu na kumpelekea salamu na kibaba cha sukari kwa mikono ya watu, nisithubutu kuingia mwenyewe. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, mzee kabisa, na mawifi zake na majirani wamezunguka wanamenya mihogo. Wanaume wawili walikuwa wanaezeka banda la kuku.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nikamweleza kwamba nataka kuandika habari ya launji, na kwamba sitamtaja akikataa. Nikamwambia pia kwamba neno lililomharibia lilikuwa langu. Akanijibu kwamba analijua hilo, Liwali alimwambia zamani. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Akaweka ungo chini akasema niandike, ila niandike na kile kilichotakiwa siku ile.

Nikageuka kuwatazama wale wanaume waliokuwa juu ya banda. Yeye hakugeuka. Alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba, na kila mmoja pale uani akaacha alilokuwa akifanya.

"Tohara zilikuwa mbili. Ya tatu haikuwahi kutimia. Kondo alikufa mimi ni mke wake."